Gharama ya Tumaini

Mkulima wa Kitui hupanda mbegu yake mavumbini. Mwezi wa Oktoba, kabla wingu halijaonekana, huchukua jembe akafukia mahindi, kunde na ndengu katika udongo ulio mkavu kama majivu, kisha hukaa akangoja mvua za vuli. Mtu aliyekulia penye mito isiyokauka akimwona humdhani mwenda wazimu. Lakini mkulima anayo sababu yake. Mvua za Ukambani ni chache na hazikawii kukoma. Akingoja zinyeshe ndipo apande, mche wake utachipua wakati maji yamekwisha kupita. Kwa hiyo yampasa kutenda kabla ya kuwa na yakini. Mvua ikija, hula. Isipokuja, mbegu huliwa na mchwa.

Wanaomsifu kwa ushujaa huo husahau jambo moja. Mkulima mwenye busara hapandi mbegu yote. Hubakiza sehemu ghalani, na mwaka ukiwa mbaya sehemu hiyo huwafikisha watoto wake msimu wa pili. Hucheza na bahati kwa kiasi anachoweza kukipoteza.

Nimeanza kwa habari ya mbegu kwa kuwa nataka kusema juu ya urubani. Nafundisha katika shule iliyo karibu na Mto Athi, mto ambao kwa sehemu kubwa hugawanya Kitui na Makueni. Ndege nyingi zitokazo Nairobi kwenda Mombasa hupita upande wa Makueni, juu ya Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na mtoto achungaye mbuzi huziona kutwa. Lori lenye shehena huimaliza siku nzima katika njia hiyo. Ndege huifanya safari yote kwa muda wa kama saa moja. Si ajabu, basi, kwamba kila mwaka niwaulizapo wanafunzi wangu kazi wanayoitaka, mikono kadhaa huinuka kwa ajili ya urubani, na wenye mikono hiyo aghalabu si wajinga wa hesabu.

Swali lao hunijia faraghani, baada ya masomo. Hawaniulizi kama kazi hiyo ni njema. Huuliza, “Mwalimu, nikisoma urubani nitaajiriwa?” Hapo ndipo mwalimu hujaribiwa kusema uongo wa aina mbili. Uongo wa kwanza ni ndiyo, na wa pili ni hapana.

Tazama kwanza njia yenyewe. Leseni ya kwanza ya kumruhusu rubani kulipwa mshahara huhitaji, kwa desturi, saa 200 za kuruka. Saa hizo hununuliwa. Mwanafunzi hulipia ndege, mafuta, mwalimu na mitihani, na jumla yake hufika mamilioni ya shilingi kabla hajapata hata senti moja. Wengi wa vijana wetu hujifunza katika kiwanja cha Wilson, Nairobi, palipo na shule za urubani. Lakini leseni ya juu kabisa, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, huhitaji saa 1500. Kati ya 200 na 1500 pana bonde pana, na daraja la bonde hilo ni kazi ndogo ndogo: kupeleka watalii Maasai Mara, miraa Somalia, chakula cha msaada Sudan Kusini. Kazi hizo nazo ni chache, na mwenye ndege hupenda mtu aliyekwisha kuruka saa nyingi. Kijana hana saa kwa sababu hana kazi, na hana kazi kwa sababu hana saa.

Tena kungoja kwenyewe kuna gharama. Mimi nilipohitimu chuo cha ualimu nilikaa miaka minne bila ajira. Cheti changu kilikaa katika bahasha, hakikula wala hakikunywa, na siku nilipoitwa kilikuwa kilekile. Leseni ya rubani ni kama ng'ombe, hutaka malisho. Kila mwaka daktari aliyeruhusiwa hupima macho, masikio, moyo na damu, kisha rubani hupaswa kuruka tena mbele ya mkaguzi ili ionekane kuwa mkono haujasahau. Asipolipia hayo, leseni hulala. Ndiyo kusema kuwa kijana asiye na kazi hulipa fedha apate haki ya kuendelea kutafuta kazi.

Wapo wasemao kwamba aliye hodari hakosi. Natamani ingekuwa hivyo, lakini habari za nchi zetu hazikubali. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946, na kwa miaka mingi lilikuwa fahari ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kijana aliyeajiriwa humo mwaka 1975 yamkini alilala usingizi wa mtu aliyefika kwao. Mwaka 1977 shirika likavunjika, si kwa kosa la marubani, bali kwa ugomvi wa serikali, na Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Uganda ilikuwa imeanzisha shirika lake mwaka 1976. Likafungwa mwaka 2001, likafufuliwa mwaka 2019. Kati ya kufungwa na kufufuliwa ni miaka 18, umri wa kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kumaliza shule ya sekondari. Hapa Kenya kampuni ya Jetlink iliacha kuruka mwaka 2012. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi Kenya Airways ilisimamisha safari zake za abiria za nchi za nje, zikarejea mwezi wa Agosti, na duniani kote marubani wenye maelfu ya saa waliachishwa kazi. Haikupita miaka mitatu, kampuni za Marekani na za Ghuba zikawa zinahangaika kutafuta marubani.

Fikiri, basi, juu ya vijana wawili wenye akili sawa na bidii sawa. Mmoja alipata leseni mwishoni mwa mwaka 2019, mwingine mwaka 2022. Wa kwanza aliingia sokoni siku soko linafungwa. Wa pili alikuta milango inafunguliwa. Nani kati yao alistahili zaidi? Syokimau, nabii wa Ukambani asimuliwaye kuwa aliitabiri reli kabla haijafika, hakutuachia neno juu ya mwaka mzuri wa kutafuta kazi.

Nayajua majibu ya wenzangu. Husema, “Watajie Koki Mutungi.” Nami humtaja, kwa furaha. Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuwa rubani katika Kenya Airways, na baadaye mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa ndege aina ya Boeing 787. Sifa yake ni yake na haipungui kwa neno nitakaloongeza, yaani kwamba baba yake alikuwa rubani. Alizaliwa katika nyumba ambamo njia ilijulikana. Mtoto wa Mutomo ambaye nyumbani kwao hakuna aliyepata kupanda ndege hana budi kuambiwa jambo hilo pia. Tena waliofika huandikwa vitabuni na kualikwa kwenye sherehe za shule. Wasiofika hawaaliki mtu, nao ndio ambao mwanafunzi angepata faida kubwa kuwasikia.

Sasa nikiri kosa langu.

Miaka kumi hivi iliyopita, nikiwa mwalimu mpya, nilisimama siku ya kutoa zawadi shuleni, mbele ya wazazi, nikanena kwa sauti kubwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilimwelekezea neno hilo kijana mmoja aliyekuwa wa kwanza katika hesabu na fizikia, naye alikuwa akisema kuwa atakuwa rubani. Watu walipiga makofi. Baba yake alikuwa ameketi safu ya tatu, kofia mapajani.

Baba huyo aliuza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha ekari tatu za shamba. Ndugu wengine walichanga. Dada yake, aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, aliambiwa angoje kidogo, maana kaka akianza kuruka atamsomesha yeye na wadogo wake wote. Kijana alipata leseni yake. Hakushindwa mtihani hata mmoja. Leo anauza misumari na mabati katika duka la mjomba wake huko Wote. Kwa miaka mitano alilipia uchunguzi wa daktari kila mwaka, akapeleka barua kwa kila mwenye ndege aliyemjua. Mwaka wa sita hakulipa. Dada yake ameolewa. Uuguzi haukutajwa tena.

Nimeirudia methali yangu mara nyingi tangu wakati huo. Si methali mbaya. Lakini sikuwaambia watu kuwa huenda yule kijana asiiname peke yake, kwamba waweza kuinama wote wa nyumbani mwake, wakubwa kwa wadogo, na mvunguni pasionekane kitu. Mimi niliyewainamisha nilikwenda zangu nikanywa chai.

Je, ni haki kuhatarisha mali ya watu wengi kwa tumaini la mmoja? Wako wazee ambao watajibu mara moja kuwa si haki, na kwamba mtoto wa mkulima atafute kazi ya karibu. Siwakubali. Kama ushauri huo ungefuatwa tangu zamani, pasingekuwa na daktari Mkamba wala mwalimu Mkamba, kwa maana hata kazi hizo zilikuwa mbali siku moja. Aidha, kazi ya karibu nayo haina yakini; miaka yangu minne ya kungoja ni ushahidi. Shaka si sababu ya kutosha ya kuacha jambo. Mkulima aliyengoja yakini angekufa njaa.

Walakini naona tofauti mbili kati ya mkulima na rubani wetu, na nadhani hukumu imo katika tofauti hizo. Ya kwanza ni kwamba mkulima huijua mvua. Ameona miaka ya njaa, na baba yake alimhesabia mingine. Atiapo mbegu mavumbini anajua atendalo. Lakini baba wa yule kijana hakujua kuwa baada ya leseni pana bonde la saa 1300. Alidhani leseni ni kazi, kama vile tiketi ni safari. Hakuna aliyemwambia, na mimi niliyeweza kuuliza sikuuliza. Mtu aliyehatarisha shamba lake kwa jambo asilolijua hakuwa shujaa. Alikuwa amedanganywa, hata kama hapakuwa na mwenye nia ya kumdanganya.

Ya pili yahusu lawama. Mvua isiponyesha, hakuna Mkamba amwambiaye jirani yake kuwa mahindi yake yamekauka kwa uvivu. Sote tulitazama mbingu ileile. Lakini kijana asipoajiriwa watu hunong'ona. Yule aliye Wote aliniambia kuwa hendi arusini wala matangani upande wa kwao, kwa sababu kila mzee humwuliza, “Rubani, ndege yako iko wapi?” Wazee hawana ubaya, wanatania. Lakini yeye amekuja kuamini kwamba kuna kasoro ndani yake ambayo waajiri waliiona na yeye haioni. Niliitafuta kasoro hiyo kwa uaminifu, nami niliyemfundisha miaka minne sikuiona. Palikuwa na kiangazi tu.

Tangu siku hizo sijasema tena ndiyo wala hapana. Huandika. Mwaka huu msichana mmoja wa kidato cha nne aliniomba nikaseme na baba yake, ng'ambo ya mto. Nilikwenda Jumamosi na karatasi ambayo juu yake niliandika saa 200 na saa 1500, bei za shule tatu kama nilivyozipata kwao wenyewe, gharama ya kila mwaka ya kuitunza leseni, na miaka ambayo kampuni zilifungwa na kufunguliwa. Chini yake niliandika kazi nyingine zilizo karibu na ndege ambazo njia yake ni fupi zaidi, kama ufundi wa injini na uongozaji wa ndege, ingawa nazo hazina ahadi.

Mzee aliisoma polepole chini ya mwembe, kidole kikifuata mistari. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, lau angekuwa binti yako, ungeuza shamba?”

Nilimjibu, “Mzee, la mlimani ningeuza. Hili la chini, penye kisima, nisingeuza.”

Hakusema kitu kwa muda. Ndipo alipomwita binti yake kutoka jikoni, pamoja na mama yake na wadogo wawili, akampa ile karatasi aisome tena kwa sauti, tangu mwanzo.