Mjakaranda au Sukuma Wiki?

Mtu mwenye kiwanja kidogo huko Kariandusi, na nafasi moja tu mbele ya mlango wake, apande nini: mjakaranda au sukuma wiki? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna kubwa zaidi: ni lini pambo huwa haki, na ni lini huwa israfu?

Wanazuoni, miongoni mwao Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111, waliyapanga maslahi ya watu daraja 3: dharura, haja, kisha pambo. Kwa mpango huu shauri laonekana limekwisha: chungu kwanza, ua baadaye. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya miezi 2 hivi, na jina lake lenyewe laeleza kazi yake. Mjakaranda, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, hukaa miaka kabla ya kutoa maua yake ya zambarau.

Hata hivyo, hatusemi kuwa pambo ni upuuzi. Limewekwa daraja ya tatu, halikufukuzwa. Macho nayo yana njaa yake, wala maskini hakunyimwa haki ya kupenda uzuri. Amlaumuye kwa kupanda ua, hali yeye mwenyewe amekwisha shiba, amemdhulumu.

Basi kipimo ni kipi? Twaona iulizwe: ni nani atakayelipa? Zamani Kariandusi palifunikwa na ziwa. Udongo mweupe wa machimbo yake ni mabaki ya vijimea vya maji hayo. Leo maji yamerudi nyuma, na pasipo mfereji huchukuliwa mgongoni. Mche mchanga wataka maji, na mara nyingi mchukuzi ni mke au binti, ambaye hakuulizwa. Mti nao ukifikia mita 15 hutupa kivuli juu ya matuta ya jirani, ambaye pia hakuulizwa. Mboga nayo yataka maji, tena mengi. Lakini aliyeichotea huila.

Kwa hivyo, ndugu zetu, twasema: palipo nafasi moja na chungu kinachoitegemea, mboga na itangulie. Na palipo wasaa, mti na upandwe, baada ya kuulizwa mwenye ndoo na mwenye mpaka. Pambo la haki ni lile ambalo aliyeligharimia ameliridhia.