Daftari Lisilofutika Halimtoshi Mwongo

Msomaji mpenzi, mtu apandapo ndege huikabidhi roho yake kwa watu asiowajua. Haulizi boliti za mkia zilitoka wapi, wala nani aliyezipima. Kwa ajili hiyo kila kipuri cha ndege husafiri pamoja na karatasi zake, zinazoeleza nani alikitengeneza, nani alikikagua, na kimetumika muda gani. Karatasi hizo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo huua.

Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya shirika la Partnair la Norwei ilianguka baharini karibu na pwani ya Denmark, na watu wote 55 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba boliti zilizoushikilia mkia wake zilikuwamo za bandia, dhaifu kuliko zilivyotakiwa kuwa. Tena mwaka 2023 ilidhihirika kwamba kampuni moja ya London ilikuwa imeuza vipuri vya injini za CFM56, ziendeshazo ndege nyingi za Boeing 737 na Airbus A320, kwa vyeti vya kughushi.

Katika kutafuta dawa ya maradhi haya, wengi wameielekea blokcheni. Hili ni daftari la kompyuta ambalo nakala zake hushikwa na watu wengi kwa pamoja. Kila fungu la maandishi hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na fungu lililotangulia. Mtu akibadili hata herufi moja ya zamani, alama hazilingani tena, na nakala za wenziwe humsuta. Njia hii ilianza kutumika mwaka 2009 katika fedha ya Bitcoin, na mwaka 2018 kampuni ya Honeywell ya Marekani ilifungua soko la vipuri vya ndege linaloitumia.

Wako wasemao kwamba kwa daftari hili hatuhitaji tena kumwamini mtu. Je, ni kweli? La hasha! Daftari hulinda neno lisigeuzwe baada ya kuandikwa. Halijui kama lilikuwa kweli lilipoandikwa. Aandikaye kwamba boliti kuukuu ni mpya, uongo wake utahifadhiwa kwa uangalifu uleule unaohifadhi kweli. Tena namba imo daftarini, lakini boliti imo sandukuni, na mkono unaoviunganisha viwili hivyo ni mkono wa mwanadamu.

Pengine utauliza: basi daftari hili halina faida? Faida linayo, tena kubwa. Kama kiwanda chenyewe ndicho kiandikacho vyeti vyake humo, tapeli hawezi kuandika kwa jina la kiwanda. Aliyeandika uongo hawezi baadaye kukana, na mwaminifu anayesingiziwa hupata shahidi. Kufunga mlango si kumtuhumu jirani.

Hatari iko pale mkaguzi atakapoacha kukitazama kipuri kwa kuwa daftari limekwisha kusema. Kumbuka jinsi udanganyifu wa 2023 ulivyofichuka. Mafundi wa shirika la ndege la Ureno, TAP, waliona kifaa kidogo kinaonekana kikuukuu kuliko karatasi zake zilivyodai. Hawakunyamaza, bali waliwauliza watengenezaji, Safran wa Ufaransa, nao wakajibu kwamba cheti kile kilikuwa cha kughushi. Karatasi zilikuwa kamili; kilichookoa ni jicho la mtu aliyeiona kazi yake kuwa amana.

Basi chombo kipya hakikupunguza wajibu wetu, bali kimeuongeza. Karani wa zamani aliyekosea aliweza kufuta. Aandikaye katika daftari lisilofutika yampasa kutafakari mara mbili kabla ya kuweka jina lake. Na abiria aliyefunga mkanda wake, asiyeweza kukagua lolote, ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya neno hilo.

Mwenyezi Mungu atujalie kuandika kweli, hata pale ambapo hapana daftari la kutusuta.