Je, Ridhaa ya Mwanafunzi Ndiyo Mizani ya Ilimu?

Twauliza: mwanafunzi akiridhika na chuo chake, ndiyo dalili ya kuwa amesomeshwa vyema?

Huko Uingereza, tangu mwaka 2005, wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vikuu huulizwa maoni yao kila mwaka. Mwaka 2023, kwa upande wa England, suala la kuridhika kwa jumla liliondolewa. Yakabakia masuala ya mafunzo, usahihishaji na msaada wa walimu.

Sisi twaona jambo hilo lina busara. Mwanafunzi ni shahidi, si kadhi. Aliyoyaona na ayatolee ushahidi: mwalimu hufika kwa wakati? Hufafanua? Husahihisha kwa uadilifu? Ama thamani ya ilimu yenyewe, hawezi kuihukumu siku ile. Chombo hakisifiwi kabla hakijaonja bahari. Na mwalimu akiogopa kuchukiwa, atalegeza somo, na wanafunzi watatoka wameridhika na mikono mitupu.

Basi, enyi wazazi, mwana arudipo kutoka chuoni msimuulize, "Umeridhika?" Muulizeni, "Wajua nini leo usichokijua jana, na nani atakayefaidika nacho?"