Aliyefunguliwa Minyororo Atumwa kwa Wenzake

Mtakatifu Marko, katika sura ya 5 ya Evanjili yake, aeleza habari za mtu mmoja wa nchi ya Wagerasa. Mtu yule alikaa makaburini. Mchana na usiku alipiga kelele na kujikata kwa mawe. Watu walikuwa wamemfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, naye aliivunja yote. Bwana wetu Yezu Kristu alipofika, hakutafuta mnyororo wenye nguvu zaidi. Alisema naye, akamwokoa. Watu walipokuja kutazama, walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu.

Yafaa kuangalia vema yaliyofuata. Mtu yule alimsihi Yezu amruhusu kufuatana naye. Yezu hakukubali. Alimwagiza arudi kwao, akawaeleze ndugu zake jinsi Mungu alivyomhurumia. Wenyeji walikuwa wamemwomba Yezu aondoke katika nchi yao, naye aliondoka. Lakini hakuwaacha bila mjumbe. Aliwaachia mtu yule yule waliyemfunga.

Fundisho la kwanza: ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Mtu wa Gerasa alikuwa na pepo wachafu, lakini mkristu asidhani kwamba kila mgonjwa wa akili amepagawa. Mtakatifu Mateo, katika sura ya 4, awataja wenye pepo mbali na wenye kifafa. Basi mgonjwa apelekwe kwa muganga wa hospitali, apate dawa, wala asiachishwe dawa siku anapoonekana ametulia. Asifungwe kwenye gogo, asinyimwe chakula. Tena asitafutwe jirani wa kushitakiwa uchawi. Kumshitaki asiye na kosa ni dhambi kubwa.

Fundisho la pili lahusu mgonjwa aliyevunja sheria. Pengine mgonjwa, akili ikiwa imempotea, achoma nyumba ya jirani au ajeruhi mtu, naye apelekwa gerezani. Wakatekumeni wamejifunza kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema analotenda, tena akubali kwa hiari yake. Aliyepotewa na akili hana ujuzi kamili wala hiari kamili. Mungu ajua kipimo chake, na mwanadamu asiharakishe kumwita mwovu. Hata hivyo aliyechomewa nyumba amepata hasara ya kweli, na machozi yake si ya bure. Ukoo wa mgonjwa umsaidie kujenga tena. Ukoo huo huo umwambie hakimu waziwazi kwamba mtu wao ni mgonjwa, wala usifiche kwa sababu ya haya. Gereza si hospitali. Mgonjwa akikaa humo bila dawa atatoka na hali mbaya kuliko alipoingia. Akikuta kijijini mawe na dharau, hatakawia kurudi huko.

Basi nani amsaidie siku ile atokapo? Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muganga ajua dawa, padri ajua sakramenti, hakimu ajua sheria. Lakini woga wa usiku bila usingizi, na aibu ya kupita njiani watoto wakikimbia, aliyeyapata ndiye ayajuaye. Kwa hiyo Mungu, tangu zamani, amewatuma walioponywa kwa wenzao. Hili ni fundisho la tatu.

Katika mji wa Granada, nchi ya Hispania, karibu na mwaka 1539, aliishi Yoane, mzaliwa wa Ureno, aliyekuwa askari na mchungaji wa kondoo kabla ya kuwa muuza vitabu. Siku ya Mtakatifu Sebastiano alisikia mahubiri ya Yoane wa Avila, na dhambi zake zikamchoma moyo hata akakimbia njiani akilia na kujitupa chini. Watu walimdhania kichaa, wakampeleka katika Hospitali ya Kifalme. Dawa ya siku zile ilikuwa kamba na mijeledi. Yoane alipigwa, tena aliona wenzake wakipigwa, akatamani kupata nyumba yake mwenyewe ambamo angewatunza maskini kama apendavyo Mungu. Alipotoka, alifungua nyumba hiyo, akiwaombea wagonjwa sadaka njiani. Alifariki tarehe 8 Machi 1550. Ekleziya ilimtangaza Mtakatifu Yoane wa Mungu mwaka 1690, na mwaka 1886 Papa Leo XIII alimfanya msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali. Aliyeitwa kichaa awaombea sasa wagonjwa wa dunia nzima.

Wala mambo haya si ya Ulaya tu. Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin, alikuwa fundi wa mipira ya magari mjini Bouaké, nchi ya Côte d'Ivoire. Alipata teksi na mali, kisha akapoteza yote, na moyo wake ukavunjika hata akafikiri kujiua. Mwaka 1982 alihiji Yeruzalemu. Aliporudi, yeye na wenzake wa sala walianza kuwatembelea wagonjwa wa hospitali, kisha wafungwa gerezani. Baadaye aliwaona wagonjwa wa akili wakitembea uchi na kuokota chakula jalalani, naye akamtambua Yezu ndani yao. Alianza kuwakusanya, na kuwafungua wale waliofungwa vijijini kwa minyororo na kwenye magogo. Katika nyumba zake wengi wanaowahudumia wagonjwa ni watu waliokuwa wagonjwa wenyewe: wengine hupika, wengine huosha, wengine wamekuwa wauguzi na wakubwa wa nyumba. Mgonjwa mpya anapomwona aliyefungwa kama yeye, sasa amevaa koti jeupe, atumaini bila mahubiri marefu.

Kazi ya msaidizi wa namna hii si ya ajabu. Amtembelea mwenzake aliyetoka gerezani kabla hajajificha. Afuatana naye kwenye dispansari, na mbele ya hakimu akiitwa. Amkumbusha dawa. Asema na ukoo ili apewe mahali pa kulala na kazi ya mikono. Asikia siri, wala haipeleki sokoni. Hajifanyi muganga, wala hadharau dawa. Naye pia aweza kuugua tena. Asione haya kuomba msaada, kwa maana msaidizi si malaika.

Na kijiji kina kazi yake. Mtu wa Gerasa alitii, akaenda. Lakini yule mjumbe angefanya nini kama kila mlango ungefungwa mbele yake? Mkatekumeni ambaye hufundishwa kuwatazama wagonjwa na wafungwa kama Yezu mwenyewe, kisha huita "kichaa" mtu aliyepona, au hukataa kuketi naye benchi moja kanisani, bado hajafahamu ubatizo anaoutaka. Ubatizo wamfanya mtu mpya. Anayetaka Mungu asahau mambo yake ya zamani, aache kuwakumbusha wengine ya kwao.

Tufanye nini juma hili? Kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja wa kijiji chake aliyetoka gerezani au aliyeugua akili. Amsalimu kwa jina lake. Ale naye. Na kama mtu huyo amekwisha kupona, amwombe msaada kwa ajili ya mgonjwa mwingine; asimhesabu kuwa mzigo, maana pengine ndiye mjumbe ambaye Bwana amekiachia kijiji kile.

Tuombe: Ee Yezu, uliyemketisha mtu wa Gerasa mwenye amani miguuni pako, utufungue sisi ugumu wa moyo, ili tuwapokee wale unaotutumia. Mtakatifu Yoane wa Mungu, utuombee. Amina.