Tunajua nini juu ya imani ya jirani?



Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew huko Marekani kiliwauliza watu wazima maswali 32 kuhusu dini: Biblia, Uislamu, Uyahudi, Uhindu, Ubuddha na mengineyo. Kwa wastani walipata 16, yaani nusu. Lakini tazameni jambo hili: Wakatoliki 45 katika kila 100 hawakujua kwamba kanisa lao linafundisha kuwa mkate na divai hugeuka kweli kuwa mwili na damu ya Kristo. Zaidi ya nusu ya Waprotestanti hawakumtambua Martin Luther kuwa mtu ambaye kazi yake ilianzisha Matengenezo ya kanisa. Waliofanya vizuri kuliko wote walikuwa wasioamini kuwa Mungu yupo, Wayahudi na Wamormoni. Hao wote ni wachache katika nchi ile, na kila siku wanaishi katikati ya imani ya wengine. Mwenyeji haulizi njia. Mgeni ndiye anayejifunza.

Sisi hapa Brussels ni wageni na ni wachache. Je, tunajifunza? Ubelgiji inatambua kisheria dini sita: Ukatoliki, Uprotestanti, Uanglikana, Uorthodoksi, Uyahudi na Uislamu, uliotambuliwa mwaka 1974. Pamoja nazo wako watu wa maadili yasiyo ya dini, ambao nao wanatambuliwa. Katika shule za serikali mzazi huchagua somo. Kwa hiyo saa ya dini inapofika, watoto walioketi dawati moja kwa hesabu na Kifaransa wanaagana mlangoni: huyu anaenda kwa Waprotestanti, yule kwa Waislamu, wa tatu kwenye maadili. Tangu 2016 shule za serikali za Kifaransa zilianza kuwapa pia saa moja ya falsafa na uraia, wakae pamoja. Sisi wazazi hatujapata saa hiyo. Tunapanda tramu moja, tunanunua mihogo duka moja Matonge, na kuhusu Mungu wa mwenzetu tunajua yale tuliyosikia kwenye simu.

Je, kutojua ni dhambi? Sidhani. Mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kusafisha ofisi hana deni la kusoma historia ya Ubuddha. Hakuna binadamu anayeweza kujua yote, na Mungu hatatupa mtihani wa maswali 32. Jambo linabadilika tunapofungua kinywa. Iko amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo, na haisemi kwamba ni mahakamani tu. Anayesema uongo akijua, na anayesema uongo kwa sababu hakujali kuuliza, wote wawili wanamuumiza jirani yule yule.

Maumivu hayo yanaweza kufika hata kwenye kifo. Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne baada ya mashambulizi ya New York, Balbir Singh Sodhi aliuawa kwa risasi nje ya kituo chake cha mafuta huko Mesa, Arizona. Alikuwa Singasinga. Muuaji aliona kilemba na ndevu, akadhani ni Mwislamu. Wengi waliposikia habari hii walisema: ni ujinga, angejua tofauti, asingemuua. Ngojeni kwanza. Angejua tofauti, angeacha kuua, au angetafuta Mwislamu? Na huyo Mwislamu angekuwa amekosa nini? Hapo ndipo tunaona kwamba elimu peke yake haitoshi. Mwenye chuki akipewa elimu anaweza tu kulenga vizuri zaidi.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano. Mwaka 1923 Godfrey Dale, mmisionari Mwanglikana wa Zanzibar, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa ya usomi, lakini nia ilikuwa kuwasaidia wahubiri wenzake katika hoja zao na Waislamu, na Waislamu wengi hawakuiamini. Mwaka 1969 ikatoka ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyoandikwa na Mwislamu kwa ajili ya Waislamu. Baadaye, tangu miaka ya 1980, miji ya Tanzania ikajaa mihadhara: huyu ameshika Biblia kuonyesha makosa ya Wakristo, yule ameshika Kurani kuonyesha makosa ya Waislamu. Walijua aya nyingi za kitabu cha mwenzao kuliko waumini wengi wa kawaida. Lakini waliokuwa wakisikiliza, ni wangapi walirudi nyumbani wakimpenda jirani zaidi?

Basi kujua kiasi gani kunatosha? Mimi napima hivi: nikieleza imani ya mwenzangu mbele yake, je, atasema, "Ndiyo, huyo ni mimi"? Kama hawezi kujitambua katika maneno yangu, nimeshuhudia uongo, hata kama nina aya kumi mkononi. Na kama sijui, nina haki ya kunyamaza, au kuuliza.

Kazi ya uuguzi inanifundisha kuuliza. Wakati wa Ramadhani, mgonjwa wa kisukari akikataa chakula cha mchana, ni rahisi mtu kusema, "Dini yao inawatesa." Lakini Kurani yenyewe inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine. Anayejua hilo anaweza kuketi kando ya kitanda na kuzungumza naye kwa heshima, hata kumshauri aongee na imamu wake, badala ya kubishana. Shahidi wa Yehova anapokataa damu, Singasinga anapoomba asinyolewe nywele kabla ya upasuaji, hawatuletei ukaidi, wanatuletea dhamiri. Lakini hata orodha ya dini zote haitoshi kwenye wodi. Yuko Mwislamu asiyefunga, na yuko Mkatoliki asiyetaka padri. Faili linaniambia dini; mgonjwa mwenyewe ndiye anayeniambia imani yake.

Wengine wataniuliza: tukijifunza imani za watu, yetu haitapoa? Mtume Paulo alipofika Athene alizunguka mji kwanza. Alitazama madhabahu zao, akasoma maandishi yao, akawajua hata washairi wao. Ndipo akasema habari za Kristo. Hakutoka pale akiwa ameacha imani yake. Na tukumbuke kwamba Kiswahili chenyewe, tunachoombea, kilijifunza zamani kwa majirani. Imani, sala, dhambi, sadaka, malaika: maneno haya yote yametoka Kiarabu. Kila Jumapili tunamwita Mungu wetu kwa maneno ambayo Waislamu wa pwani waliyatumia kabla yetu, na hatujapungukiwa kitu.

Sisi tunajua pia uchungu wa kuhukumiwa na asiyetujua. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa Nkamba kwa miezi michache tu. Wakoloni waliona uasi. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafia gerezani Élisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30. Si lazima ukubaliane na mafundisho ya Wakimbangu ili uone ubaya huo. Koloni ile ilitawaliwa kutoka mji huu tunaoishi. Na leo bado wapo wanaodhani kila kanisa la Waafrika ni kelele za ngoma na kufukuza wachawi. Tunataka watuulize kabla ya kusema. Basi na sisi tuulize.

Wiki hii kila mmoja amwulize jirani mmoja, au mfanyakazi mwenzake, swali moja la kweli kuhusu imani yake, asikilize mpaka mwisho bila kujibu. Katika vikundi vya nyumbani tuelezane tulichosikia, tukisema kama vile jirani huyo yuko nasi chumbani.