Jaji akivua joho akachukua fomu ya chama, hukumu zake tuzisomeje?

Ndugu msomaji, wengi tumezowea kuuliza kama jaji ana elimu ya kutosha, na kama mwanasiasa ana wafuasi wa kutosha. Swali ambalo hatuliulizi ni la safari yenyewe: mtu huyu katoka wapi, yupo wapi, na anataka kufika wapi? Maana cheo cha leo kinaweza kuwa amana, na kinaweza kuwa ngazi tu. Anayekiona kuwa ni ngazi, macho yake hayapo kwa watu walio mbele yake. Yapo juu, kwa yule anayeishika ngazi.

Kwa sisi wa Pemba jambo hili si la vitabuni. Watu 18 wa chama cha CUF walikaa rumande kwa karibu miaka mitatu kwa kesi ya uhaini, mpaka Novemba 2000, pale Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliposema kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Mtu anaweza kukubaliana na hoja hiyo au akaipinga kwa sababu zake za kisiasa. Lakini aangalie uzito wake: miaka mitatu ya uhai wa watu, wake na watoto wao, ilining'inia kwenye kalamu za watu wachache waliovaa majoho. Watu hao wakiwa na jicho kwenye cheo kijacho, mnyonge ataegemea wapi?

Tuchukue mifano inayojulikana. Marehemu Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, tena alikuwa mwanajeshi mwenye cheo cha Brigedia, akawa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, na kuanzia 2007 hadi 2010 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwaka 2015, akiwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, alichukua fomu ya CCM kuomba kuteuliwa kugombea urais. Hakuteuliwa. Wengi walimjua kuwa ni mtu muadilifu, na mimi sina hukumu yake hata moja ninayoweza kuinyooshea kidole. Lakini siku ile alipochukua fomu, kila aliyewahi kushindwa mbele yake katika kesi iliyoihusu serikali alipata haki ya kujiuliza: alikuwa wa chama hiki tangu lini?

Hapo ndipo ilipo hatari. Tunadhani jaji akistaafu, anaanza ukurasa mpya na yaliyopita yamekwisha. Sivyo. Shaka hairudi mbele, hurudi nyuma. Inaingia kwenye majalada yaliyokwisha fungwa, na inawasha moto upya katika majeraha yaliyokuwa yameanza kupoa.

Mfano mzito zaidi si wa jaji, bali wa mwamuzi wa uchaguzi. Tarehe 28 Oktoba 2015, marehemu Jecha Salim Jecha, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, alitangaza kufuta uchaguzi wote wa Zanzibar uliofanyika siku tatu kabla. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF wakasusia, na mgombea wa CCM akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2020, akiwa ameshaondoka kwenye Tume, Jecha alichukua fomu ya CCM kuomba kuteuliwa kugombea urais wa Zanzibar. Naye hakuteuliwa. Yaliyokuwa moyoni mwake mwaka 2015 anayajua Allah (SW) peke yake, na yeye ameshakwenda mbele ya Hakimu asiyekosea. Mimi nasema juu ya kitendo cha wazi tu. Mkulima wa Wete anapopeleka karafuu zake kwenye kituo cha ununuzi, akaambiwa hizi ni daraja la tatu, huondoka na bei aliyopewa hata kama hakuridhika. Lakini akimuona yule mpimaji baadaye anaomba kazi kwa tajiri aliyefaidika na bei ile, nani atamwambia asiitilie shaka mizani?

Dini yetu ina kipimo hapa. Amesimuliwa mtu aliyetumwa na Mtume (SAW) kukusanya zaka. Aliporudi akasema, hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi mimi. Mtume (SAW) akahoji juu ya mimbari: lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, angeletewa zawadi hiyo? Mafakihi wakajenga juu ya hapo kwamba kadhi asipokee zawadi kutoka kwa mtu ambaye hakuwa akimpa kabla hajawa kadhi. Basi tuulize: cheo anachopewa mwamuzi baada ya hukumu kina tofauti gani na zawadi? Ni zawadi iliyochelewa kufika, na kuchelewa hakuigeuzi sadaka.

Atasema msomaji: mbona Nabii Yusuf (AS) aliomba mwenyewe kusimamia hazina za nchi? Ni kweli, imo katika Suratu Yusuf aya ya 55. Na Abu Hanifa alikataa ukadhi mpaka akafungwa, lakini mwanafunzi wake Abu Yusuf aliukubali akawa kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, na umma ukafaidika na elimu ya wote wawili. Kwa hiyo kutaka cheo si dhambi kwa dhati yake, na kuhama kutoka kazi moja kwenda nyengine si khiyana. Joseph Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu, akawa Waziri Mkuu, kisha akawa jaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Nchi ingekosa nini kama mtu kama huyo angefungiwa katika chumba kimoja maisha yake yote? Lakini Yusuf (AS) alipoomba alikuwa ametoka gerezani alikokaa kwa kukataa maovu. Hakuwa ametoka kumhukumia mtu kwa faida ya mfalme.

Basi kipimo ninachopendekeza ni hiki: tutazame uamuzi ule, siku ile ulipotolewa, ulimgharimu nini mwenyewe, na ulimfaidisha nani. Mwaka 2014 Othman Masoud Othman, mwana wa Pemba, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya wazi ya kuzikataa baadhi ya ibara za Katiba Inayopendekezwa katika Bunge Maalumu. Mwezi huo huo wa Oktoba uteuzi wake ukatenguliwa. Machi 2021, baada ya kufariki Maalim Seif Sharif Hamad, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kupitia ACT-Wazalendo. Wapo wanaosema naye alikuwa anajitengenezea njia. Lakini kura ile ilimvua cheo alichokuwa nacho, na kilichokuja baada ya zaidi ya miaka sita kilipitia mauti ambayo hakuna aliyeyapangia tarehe.

Hapa tuwe wakweli nafsi zetu. Barazani kwetu, mwamuzi akihamia upande tusioupenda tunasema kanunuliwa, na akihamia upande wetu tunasema kaona haki. Kipimo cha namna hiyo si cha Kiislamu. Suratul Maida aya ya 8 inatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na uadilifu huo unatudai pia kwa tunaowapenda. Akitokea kesho mtu wetu akashindwa kwenye mizani hii, tuseme kashindwa.

Na sheria nayo itusaidie. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 113A, inamkataza jaji na hakimu kujiunga na chama cha siasa akiwa kazini. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Pawekwe muda maalumu, miaka mitano kwa uchache, ambao jaji au kamishna wa uchaguzi aliyeondoka kazini hatagombea wala kuteuliwa katika cheo cha kisiasa. Kama eda ilivyo: haizuii ndoa mpya, inaondoa shaka juu ya ile iliyopita.

Mtume (SAW) amesema makadhi ni wa aina tatu, wawili wataingia motoni na mmoja peponi. Aliyeokoka ni yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Hakutajwa aliyepanda cheo, wala aliyestaafu kwa heshima. Anayetamani kukaa kwenye kiti hicho na alitazame hilo kabla ya kuitazama ngazi.

Wabillahi tawfiq.