Upendo Hufuata Maziwa



Juma hili naomba twende pamoja hadi Karatu, kwenye vijiji vya udongo mwekundu vinavyopanda kuelekea lango la Ngorongoro. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ukungu wake hushuka na baridi inayoingia hadi mifupani. Msimu wa mbuzi kuzaa, hiyo ndiyo saa ambayo mfugaji huingia zizini na tochi kuangalia nani amezaa usiku. Mara nyingi hukuta furaha. Siku nyingine hukuta mama amekufa katika kuzaa, na kando yake mwanambuzi aliyelowa, anatetemeka, anatafuta chuchu isiyotoa kitu.

Mtoto huyo akishapoa mwili, hapewi maziwa kwanza, hupewa joto. Mama wa nyumba humkausha kwa kanga kuukuu na kumlaza karibu na moto. Jambo hili si geni kule. Zamani Wairaqw walilala na mifugo yao chini ya paa moja, na nyumba za Wamaasai hutengewa pembe ya ndani kwa ajili ya watoto wa mifugo. Joto likisharudi, hutafutwa dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, maana bila hayo katika saa za kwanza mtoto hukosa kinga ya kumvusha siku za mbele.

Kisha inakuja kazi ngumu: kumpatia mama mwingine.

Mbuzi akizaa humlamba mtoto wake na kuishika harufu yake mapema sana. Akiletewa wa mwingine, hunusa, hugeuka, na kumpiga kichwa. Hatuwezi kumlaumu, ndivyo alivyoumbwa kulinda kilicho chake. Hivyo mfugaji humfunga kwenye nguzo au kumshika pembe, asubuhi na jioni, na yule yatima hunyonya huku mama akirusha mateke. Baada ya kunyonya hutenganishwa, ili asiumizwe. Kesho hurudiwa. Keshokutwa hurudiwa tena.

Sasa sikiliza, mpendwa, jinsi Mungu alivyopanga mambo. Maziwa ya yule mama yanapopita katika mwili wa yatima, yanamwachia harufu ambayo mama huyo anaifahamu. Siku chache zikipita, mama anainama kumnusa mtoto aliyemkataa, na anajikuta ndani yake. Anatulia. Wengi huanza kumlamba. Si wote wanaofikia hapo. Wapo wanaokataa hadi mwisho, na mtoto akakuzwa kwa chupa mikononi mwa watoto wa nyumba. Lakini pale mama anapokubali, upendo umefuata maziwa. Haukutangulia.

Je, si mara nyingi sisi tunasubiri kinyume chake? Tunasema: moyo wangu ukishalainika, nitamsalimia. Nikishamzoea, nitamhudumia. Tunaona aibu kutenda tendo la upendo huku ndani tukiwa baridi, tukidhani huo ni unafiki. Lakini mnafiki hutenda ili aonekane. Anayetenda ili ajifunze kupenda yuko njiani, na Bwana anamwona.

Nawaza hasa juu yako wewe unayelea mtoto usiyemzaa. Labda ni wa marehemu dada yako, au mume wako alikuja naye. Umesikia maneno ya watu kuhusu mama wa kambo, nayo yanakuchoma, kwa sababu usiku, peke yako, unajua kwamba moyo wako haukimbilii huyu kama unavyokimbilia wale wa tumbo lako. Usijihukumu, mpendwa. Umempikia uji leo? Umemfulia sare? Umemuuliza habari za shule na kungoja jibu? Basi unanyonyesha. Endelea. Siku moja utacheka, na utamsikia akicheka kwa sauti kama yako.

Nabii Nathani, alipotumwa kwa Daudi, alimsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyemnunua na kumlea pamoja na watoto wake. Soma tena 2 Samweli sura ya 12 juma hili, uangalie mpangilio wake. Mwanakondoo yule alikula chakula cha yule maskini, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, ndipo tunaambiwa alikuwa kwake kama binti. Chakula, kikombe, kifua, kisha binti. Na Daudi, aliyekuwa amefunga moyo wake juu ya dhambi yake kubwa, aliguswa na habari za upendo huo mdogo, akafika mahali pa kuungama na kusamehewa.

Upendo wa namna hii una gharama. Katika nyumba nyingi za Karatu mbuzi ndiye akiba: ndiye ada ya shule, ndiye dawa mtoto akiugua. Maziwa anayopewa yatima ni maziwa ambayo wenye nyumba wangeyanywa. Tena gharama hiyo haiishi siku moja. Huko Marekani, mwaka 1986, Gene Baur na Lorri Houston walimkuta kondoo akiwa hai juu ya lundo la mizoga kwenye mnada wa mifugo wa Lancaster, Pennsylvania. Walimchukua, wakamwita Hilda, na kutokana naye yakaanza makao ya wanyama waliookolewa yaitwayo Farm Sanctuary. Hilda aliishi zaidi ya miaka 10 baadaye. Kumwokoa kulikuwa kazi ya siku moja. Kumlisha na kumsafishia kulikuwa kazi ya kila asubuhi katika miaka hiyo yote.

Na kusamehe je? Kusamehe nako huenda hivyo. Ni mara chache moyo huachilia kwa siku moja. Leo unalitaja jina lake katika sala huku umekunja uso. Kesho unalitaja tena. Na kama aliyekuumiza bado anaumiza, kumbuka kwamba mfugaji mwenye busara hamwachi yatima peke yake na mbuzi anayepiga. Kusamehe hakukulazimishi kurudi kwenye mateke. Unaweza kumwombea mtu ukiwa mbali naye, mahali salama.

Tunaweza kuishi hivi kwa sababu sisi wenyewe tumepokelewa. Mtume Paulo anawaambia Warumi kwamba tumepewa roho ya kufanywa wana, na kwa roho hiyo tunamwita Mungu Baba. Yeye hakuhitaji siku za kutuzoea. Alitupenda kwanza. Sisi ndio tunaojifunza, polepole, na hatukemewi kwa upole wa mwendo wetu.

Basi juma hili chagua mtu mmoja ambaye moyo wako haujamkubali. Mtendee jambo moja dogo, lile lile, kila siku hadi Jumapili: salamu, sahani ya chakula, dakika tano za kumsikiliza, au sala. Usiupime moyo wako kila jioni. Tenda tu, na umwachie Mungu yaliyobaki.

Tuombe. Baba mwema, uliyetuingiza ndani tulipokuwa hatuna pa kwenda, tupe uaminifu wa asubuhi na jioni. Tufundishe kutoa kabla ya kujisikia, na kwa huko kutoa, utuzalie upendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.